Kipimo Kimfuate Mgonjwa

Mwaka 2025 jarida la The Lancet lilitoa matokeo ya utafiti uliowaangalia wagonjwa karibu 20,000 waliolazwa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ili kujua ni wangapi kati yao walikuwa mahututi na walikuwa wamelazwa wapi. Ikaonekana kwamba mgonjwa 1 kati ya 8 alikuwa mahututi, na kwamba takriban asilimia 70 ya hao hawakuwa katika chumba cha wagonjwa mahututi bali wodi za kawaida, kitanda kwa kitanda na waliofungwa plasta na wanaosubiri kuruhusiwa. Kati ya wale ambao upumuaji wao ulikuwa umeshindwa, nusu hivi tu ndio waliokuwa wakipata oksijeni. Kwetu sisi ambao umri wa kazi umetuishia katika wodi za aina hiyo, habari haikuwa ngeni. Ngeni ilikuwa kuiona imehesabiwa. Mgonjwa wa nimonia kali hujulikana hata kabla faili lake halijafunguliwa: amekaa badala ya kulala, mikono kaikita kwenye ukingo wa kitanda, mabega yanapanda na kushuka, na akiulizwa jina hulitoa kwa vipande kwa sababu pumzi haimtoshi. Takwimu zile zimenirudisha nyuma kuitazama upya njia tuliyopita, kuanzia enzi ya sikio na filamu hadi hii ya mashine ya ultrasaundi inayoingia mfukoni. Kila ninapoipitia njia hiyo nafika mahali pamoja: kwa mgonjwa huyu, kipimo bora ni kile kinachomfikia alipo wakati uamuzi wa kumtibu unafanywa, na hicho kwa sasa ni ultrasaundi ya mapafu mikononi mwa anayemhudumia, hapo hapo kitandani.

Tulianza na sikio. Laennec alibuni stetoskopu jijini Paris mwaka 1816, na vizazi vya madaktari vilivyofuata, sisi tukiwamo, vililelewa katika imani kwamba kifua hakimfichi kitu anayejua kukisikiliza. Tulifundishwa kugonga mbavu kwa kidole, kusikiliza mbele, ubavuni na mgongoni, kisha kuandika tulichosikia. Wodi yenyewe haikusaidia: toroli la chakula linapita, mtoto analia, jenereta inanguruma nje ya dirisha, na mgonjwa aliyechoka hawezi kuvuta pumzi ndefu ili sauti itoke. Udhaifu huo tuliujua, ila tuliuhesabu kuwa ni wa msikilizaji, kwamba mkongwe angesikia tusichosikia. Utafiti wa Daniel Lichtenstein na wenzake uliochapishwa mwaka 2004 uliiondoa faraja hiyo. Waliwachukua wagonjwa 32 ambao mapafu yao yalikuwa yameshindwa ghafla, wakalinganisha stetoskopu, eksirei ya kitandani na ultrasaundi, huku siti skani ikiwa ndiyo hakimu. Katika kutambua sehemu ya pafu iliyojaa usaha na majimaji mahali pa hewa, sikio lilipatia kwa asilimia 36, eksirei kwa asilimia 75, ultrasaundi kwa asilimia 97. Kwa mgonjwa mahututi, basi, sikio hukosea mara nyingi kuliko linavyopatia, na hilo si kosa la masikio ya mtu fulani. Sisemi stetoskopu itundikwe. Pafu la mwenye pumu iliyombana huonekana zima kwenye ultrasaundi, ilhali stetoskopu huusikia mluzi wake mara moja. Ninachosema ni kwamba kuitegemea peke yake kuamua nani ana nimonia kali, na imemwenea kiasi gani, ni kuipa kazi isiyoiweza.

Kisha filamu. Kwa mgonjwa anayetembea, eksirei ni kipimo kizuri na sina ugomvi nayo. Ugomvi huanza pale ambapo mgonjwa hawezi kukaa dakika 10 bila oksijeni. Kumpeleka chumba cha mionzi kunataka machela yenye magurudumu yanayozunguka, mtungi mdogo ambao haujaisha gesi, mhudumu wa kusukuma, nesi wa kusindikiza ambaye akitoka wodi inabaki na mmoja, umeme, na mteknolojia ambaye saa 8 usiku huenda yuko nyumbani kwake. Akifika hulazwa chali juu ya meza, mkao ule ule ambao pumzi yake haiuwezi. Na picha ya mtu aliyelala, asiyeweza kuvuta pumzi ikashiba, hukitanua kivuli cha moyo na kuyatandaza maji ya kifuani hadi yafanane na ukungu, kiasi kwamba msomaji wa filamu naye hubaki na maswali. Mashine za eksirei za kusukumwa hadi kitandani zipo, lakini hospitali nyingi za wilaya hazinazo, na zilizonazo huzitunza kwa ajili ya wachache. Kwa kawaida, basi, safari haifanyiki. Daktari wa zamu hupima hatari ya njiani, huamua kungoja asubuhi, na kuandika kwenye faili kwamba mgonjwa akipata nafuu apigwe eksirei. Maana yake ni kwamba kipimo kinamngoja mgonjwa apone kwanza ndipo kimweleze alikuwa anaumwa nini. Usiku huo anatibiwa kwa kubahatisha: antibiotiki ya nimonia, dawa ya kupunguza maji ikiwa moyo unashukiwa, na dripu ikiwa presha imeshuka, pengine zote tatu kwa pamoja ilhali mbili za mwisho zinapingana.

Mashine ya ultrasaundi muda wote huo ilikuwapo, hatua chache tu, katika kliniki ya wajawazito. Haikuvuka korido kwa sababu vitabu vilituambia haina kazi kwenye mapafu. Mawimbi yake ya sauti hupita vizuri kwenye maji na nyama lakini yakikutana na hewa hurudi yalikotoka, na pafu ni mfuko wa hewa; hoja ilionekana imefungwa. Aliyeifungua kwa ukaidi ni huyo huyo Lichtenstein, daktari wa wagonjwa mahututi katika hospitali ya Ambroise-Paré huko Boulogne, kando ya Paris, ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliandika kwamba mashine hii inafaa kwa mwili mzima wa mgonjwa mahututi, kifua kikiwamo. Hoja yake ukiitazama leo inashangaza kwa urahisi wake. Pafu zima ndilo lenye hewa tele. Pafu lenye nimonia limepoteza hewa na kupata majimaji, kwa hiyo kadiri linavyozidi kuugua ndivyo linavyozidi kuonekana. Probu, yaani kishikio cha mashine kinachogusishwa mwilini, ikiwekwa wima kati ya mbavu mbili, na jeli kidogo, kioo huonyesha vivuli viwili vya mbavu na katikati yao mstari mweupe unaong'aa, ambao ni utando wa pafu. Kwa mwenye afya mstari huo huteleza huku na huku kwa kila pumzi, na chini yake hujirudia mistari ya kulala iliyoachana kwa nafasi sawa, ambayo ni mwangwi tu wa utando wenyewe. Pafu likianza kulowa, mistari ile hufutika na badala yake hushuka miale ya wima kutoka kwenye utando hadi mwisho wa kioo, ikicheza pamoja na pumzi. Ikifika 3 au zaidi katika eneo moja, pana jambo. Likijaa kabisa huonekana nyama nzima kama ini, na ndani yake vitone vyeupe vya hewa iliyonaswa kwenye mirija. Vitone hivyo vikisogea pumzi inapoingia, mirija iko wazi na nimonia inashukiwa zaidi ya kitu kingine. Vikitulia tuli, inawezekana mrija umeziba na pafu limesinyaa tu. Ishara hiyo ya vitone vinavyosogea ikiwapo ina nguvu sana, lakini wagonjwa wengi wa nimonia hawaionyeshi, kwa hiyo kuikosa hakumtoi mtu kwenye hatari.

Utaratibu ulioitwa BLUE, aliouchapisha Lichtenstein pamoja na Mezière mwaka 2008, ndio uliotufanya wengi wetu tuketi sawasawa. Wagonjwa 260 waliofikishwa wakiwa wanashindwa kupumua walipimwa vifua na mishipa ya miguu kwa dakika chache, na ultrasaundi peke yake ikafikia utambuzi sahihi kwa asilimia 90.5. Wakosoaji walisema, na walikuwa na haki, kwamba anayepima ni yule yule aliyebuni, kwamba ni hospitali moja, na kwamba wagonjwa ambao utambuzi wao wa mwisho ulikuwa na utata waliachwa nje ya hesabu. Mgonjwa mwenye utata ndiye hasa anayetusumbua usiku. Lakini hoja hiyo imejibiwa na waliofuata. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikusanya tafiti 10 za nimonia kwa watu wazima, zenye wagonjwa zaidi ya 1,100, na kukuta ultrasaundi inawanasa asilimia 94 ya wenye nimonia na kuwaachia huru asilimia 96 ya wasio nayo. Mwaka huo huo, Odense nchini Denmark, wagonjwa zaidi ya 300 wenye matatizo ya kupumua waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapimwa kwa njia za kawaida, nusu wakaongezewa ultrasaundi ya moyo, mapafu na mishipa. Baada ya saa 4, utambuzi sahihi ulikuwa asilimia 88 kwa waliopimwa na takriban asilimia 64 kwa wasiopimwa. Huo si ushindi wa mbuni na mashine yake. Ni idara ya kawaida ya mapokezi, katika nchi yenye siti skani na kila kitu, ambayo hata hivyo ilinufaika kwa kuwa na jibu mapema.

Ila funzo lililotugusa sisi wa huku halikutoka Ulaya. Lilitoka Kigali. Tangu mwaka 2012 dunia ilikuwa ikitumia vigezo vilivyopitishwa Berlin kumtambua mgonjwa aliyefikia hatua ambapo mapafu yote mawili yamelowa na kushindwa ghafla, hali ambayo madaktari huitaja kwa herufi ARDS na ambayo nimonia ni miongoni mwa sababu zake kubwa. Ili uhesabiwe ulitakiwa uwe kwenye mashine ya kupumulia au barakoa yenye msukumo wa kipimo fulani, upimwe gesi ya damu ya ateri, na upigwe eksirei au siti skani. Watafiti katika hospitali kuu ya chuo kikuu mjini Kigali, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2016, waliuliza swali ambalo kila nesi wa wodi angeliuliza: asiye na mashine ya kupumulia, wala gesi ya damu, wala eksirei, hana ugonjwa? Wakaondoa sharti la mashine, wakaweka usomaji wa oksimita ya kidoleni mahali pa gesi ya damu, na ultrasaundi mahali pa eksirei. Kati ya wagonjwa 1,046 waliolazwa, 42 walikuwa na hali hiyo kwa kigezo kipya, na nusu yao walifia hospitalini. Kwa kigezo cha Berlin idadi yao ilikuwa sifuri. Hakuna hata mmoja. Watu 42, wengi wao wakiwa vijana au wa makamo, waliugua ugonjwa ambao kwa mujibu wa vitabu haukuwapo Rwanda, na sababu ni kwamba vifaa vya kuuthibitisha havikuwafikia. Sijui takwimu nyingine katika fani hii inayopaswa kumkera mtu kuliko hiyo sifuri. Ugonjwa usiohesabiwa hauombewi bajeti, hauagiziwi oksijeni, haufundishwi vyuoni kama tatizo letu, na anayekufa nao huandikiwa nimonia, au malaria kali, au sababu isiyojulikana.

Kuna waliosema vigezo vya Kigali vimelegezwa mno na kwamba kikapu kimoja sasa kinabeba magonjwa tofauti. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa miale ya wima kwenye kioo huonekana pia kwa mwenye moyo uliochoka, kwa mwenye makovu ya zamani mapafuni, na kwa mgonjwa wa figo aliyejaa maji. Ultrasaundi haimtaji mdudu, haisemi ni bakteria au kirusi, na haitofautishi kwa uhakika kifua kikuu na nimonia ya kawaida. Hata hivyo, kasoro hizo eksirei inazo zote, na wala hakuna aliyewahi kuitoa kwenye vigezo kwa sababu hiyo. Isitoshe, ultrasaundi ina njia za kujisahihisha ambazo filamu haina: nimonia hukaa upande mmoja au kwa mabaka, utando wake ukiwa umekwaruzika na usioteleza vizuri, wakati maji ya moyo huja pande zote mbili kwa usawa chini ya utando laini, na probu ile ile ikishushwa kidogo humwonyesha daktari moyo wenyewe, kama unasukuma au umechoka. Katika nchi zenye VVU vingi, wenzetu wa Hlabisa huko Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi, wakaweka utaratibu wa kutafuta maji kwenye utando wa moyo, kifuani na tumboni, na tezi zilizovimba, ili kifua kikuu kilichosambaa kisipite bila kuonwa. Wataalamu wa kimataifa nao wamekubali mwelekeo huo: ufafanuzi mpya wa ARDS uliotolewa mwaka 2023 umepokea oksimita na ultrasaundi, na kuzipa nafasi hospitali zisizo na mashine za kupumulia. Kigali ilitangulia kwa miaka 7.

Kuna faida nyingine ambayo ilituchukua muda kuielewa kwa sababu tulizoea kipimo kimoja kwa mgonjwa mmoja. Nimonia kali hubadilika kwa saa. Kifua hugawanywa maeneo 12, sita kila upande, na kila eneo hupewa alama kuanzia 0 kwa lenye hewa yote hadi 3 kwa lililojaa, hivyo jumla huwa kati ya 0 na 36. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2010 kwa wagonjwa waliopata nimonia wakiwa kwenye mashine za kupumulia uliweka alama za namna hii kando ya siti skani, kabla ya antibiotiki na baada ya wiki moja, na zikaenda sambamba: pafu lililorudisha hewa lilionekana, na lililokataa dawa nalo lilionekana. Alama hizi hazihitaji kompyuta. Karatasi moja yenye viboksi 12, iliyobanwa mbele ya faili karibu na chati ya joto, inatosha kumwonyesha daktari wa asubuhi alichokiona wa usiku. Hapo ndipo swali la dripu linapopata mwanga. Mgonjwa wa nimonia ambaye presha imeshuka huvutwa pande mbili, mishipa inaomba maji na mapafu yanayakataa, na mazoea yetu yalikuwa kufungua dripu hadi presha ipande. Mwaka 2011 jaribio la FEAST lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri lilikuta kwamba waliomiminiwa maji ya haraka walikufa kwa karibu asilimia 10.5 ndani ya saa 48, na wasiomiminiwa kwa asilimia 7.3. Mwaka 2017 Zambia ikaonyesha mwelekeo huo huo kwa watu wazima, asilimia 48 dhidi ya 33. Uchambuzi wa baadaye wa FEAST ulibainisha kwamba vifo vingi vilitokana na mzunguko wa damu kuporomoka kuliko mapafu kufurika, kwa hiyo haitakuwa haki kudai kwamba ultrasaundi ingewaokoa watoto wale. Ninachojifunza ni chembamba zaidi ila kina kazi: maji ya mshipani ni dawa yenye dozi na madhara, na anayeitoa bila kutazama pafu kabla na baada ya kila chupa anaitoa gizani. Miale ikiongezeka katika maeneo ya mbele ambayo jana yalikuwa safi, dripu ipunguzwe hata kama presha bado haijaridhisha, na njia nyingine zifikiriwe.

Janga la Corona lilipokuja mwaka 2020 liliisukuma mashine hii mbele kwa nguvu ambayo miaka 10 ya makala haikuwa nayo. Huko Italia madaktari walianza kuwapima wagonjwa kwa probu ndogo iliyofunikwa plastiki na kuunganishwa na simu au kompyuta ya mkononi, kwa kuwa stetoskopu haiingii vizuri chini ya mavazi ya kujikinga na kila safari ya eksirei ilikuwa inamwaga virusi korido nzima. Lilileta pia pupa yake: kila mwale wa wima ukawa Corona, na wenye mioyo iliyochoka wakalazwa wodi zisizo zao. Nadhani hilo ndilo lililowafundisha wengi kwamba picha isiyoulizwa swali maalumu hujibu chochote.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni la mkono wa mpimaji: kwamba kila kitu kinategemea nani kashika probu, na kwamba kazi hii ni ya mabingwa wa radiolojia. La kwanza ni kweli, na ni kweli vile vile kwa stetoskopu, kwa kupima presha, na kwa kusoma hadubini ya malaria. Kinachohitajika ni mafunzo, si marufuku. Kutambua maji kifuani na pafu lililojaa ni miongoni mwa mambo mepesi kujifunza katika ultrasaundi yote, mepesi kuliko kupima umri wa mimba, ambao wakunga wa Kenya tayari wamekabidhiwa wakiwa na mashine za mkononi. Katika hospitali za Kirehe na Rwinkwavu, vijijini Rwanda, madaktari wasio wa radiolojia walifundishwa ultrasaundi tangu mwaka 2008, na ripoti ya kazi yao ikaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya vipimo vilibadilisha mpango wa matibabu. La pili nalijibu kwa heshima: bingwa wa radiolojia ateuliwe kuwa mwalimu na mkaguzi, apelekewe video zenye utata, ajibu kwa simu. Katika hospitali nyingi za wilaya hayupo, na kumngoja ni kurudia kosa la machela. Yapo mambo ambayo mashine haiwezi, na anayefundisha ayaseme siku ya kwanza. Ugonjwa ulio ndani kabisa ya pafu, usiogusa utando, hauonekani, ingawa kwa walio mahututi sehemu karibu zote zilizojaa hugusa utando. Hewa iliyoingia chini ya ngozi hufunga kila kitu. Bandeji, mafuta mengi mwilini na mfupa wa bega hupunguza uwanja. Na probu ambayo haikufutwa hubeba vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda, ilhali spiriti, tunayoifikiria ya kwanza, huharibu baadhi ya probu, hivyo maelekezo ya mtengenezaji yasomwe na nesi anayeitunza.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote, na wanaolileta si wavivu. Wanasema hakuna ushahidi thabiti kwamba ultrasaundi ya mapafu inapunguza vifo; hata utafiti wa Denmark uliboresha utambuzi bila kuonyesha tofauti ya vifo. Wakati nusu ya wanaoshindwa kupumua hawana oksijeni, wanauliza, mashine ya nini? Nakubaliana na nusu ya hoja. Hospitali yenye fedha ya kitu kimoja inunue oksijeni na oksimita kwanza, bila mjadala, na anayenunua mashine ya picha huku mitungi iko mitupu amekosea. Lakini kipimo hakiponyi mtu popote duniani, si eksirei, si maabara, na hatukuwahi kudai filamu ithibitishe kupunguza vifo kabla ya kujenga vyumba vyake. Kinachoponya ni kitendo kinachofuata, na ultrasaundi kitandani ina vitendo inavyovifungulia mlango moja kwa moja. Maji ya kifuani yakionekana yana utando ndani na vumbi linaloelea, yaelekea huo ni usaha, antibiotiki peke yake huenda isitoshe, na sindano ya kuyavuta huingia mahali palipoonwa badala ya mahali palipokisiwa. Pafu likikutwa halitelezi kwa mgonjwa aliyebadilika ghafla kwenye mashine ya kupumulia, hewa iliyovuja hutafutwa papo hapo badala ya kungoja filamu. Moyo ukionekana umechoka, dripu hufungwa. Na mitungi ikiwa michache, kama ilivyo, kujua ni nani pafu lake limejaa na ni nani anahema kwa homa tu ndiyo namna ya kugawa kidogo kilichopo kwa haki. Uhaba wa oksijeni ni sababu ya kukihitaji kipimo hiki, wala si sababu ya kukiahirisha.

Kwa hiyo maombi yangu ni kwa waganga wafawidhi na kwa wanaoketi kwenye kamati za bajeti za hospitali. Mashine inaponunuliwa, fungu la mafunzo na usimamizi liandikwe kwenye karatasi ile ile, pamoja na jeli ya mwaka mzima na betri ya akiba. Tabibu, daktari wa zamu na muuguzi wote wafundishwe maeneo yale 12, na karatasi ya alama iingie kwenye faili kama chati ya joto ilivyoingia. Na mashine isifungiwe ofisini kwa mkuu wa idara ikisubiri wageni. Ikae wodini, chaji ikiwa imejaa, na ufunguo wa kabati lake uwe kwa muuguzi wa zamu ya usiku.